Kabati Moja, Umri Tatu

Sikilizeni, na mkitaka kunichapa kwa komenti, ngojeni nimalize. Kuna biashara hapa Kenya inayonenepa kwa sababu mimi na wewe hatujui kugeuza kabati tukaangalia mgongo wake. Wanaiita biashara ya antiki. Leo naisema vile iko.

Mchezo wenyewe ni huu. Msee anaingia kwa nyumba ya nyanya wa mtu, Mji wa Kale Mombasa, ama Lamu, ama Malindi. Anaona kabati dogo la mbao nyeusi, droo nne, kitasa cha shaba, nakshi kidogo mlangoni. Anakaa, anakunywa kahawa, anauliza habari za wajukuu. Akishaondoka mguu mmoja nje ndio anakumbuka: "Nyanya, na hiki kikabati? Hii ni mali ya Bombay tu, vililetwa vingi sana, siku hizi hakina soko. Lakini nitakusaidia." Anatoa doo ya gunia la mchele na mtungi wa gesi. Mwezi mmoja baadaye kabati lilelile liko dukani na kadi nzuri: kabati la Kiswahili, adimu, miaka 200. Mtalii anapanda bei mwenyewe. Halafu kabati linafika kwa karatasi za kusafirishwa na, manze, linazaliwa upya. Sasa ni pambo la ukumbusho, limetengenezwa juzi.

Kwa nyanya ni la kigeni na la bei ya chini. Kwa mtalii ni kongwe na la Kiswahili. Kwa afisa wa forodha ni mtoto mchanga. Kabati moja, umri tatu, na kila umri unamfaa mtu mmoja tu.

Msiniambie ni hadithi za mtandaoni. Nyanya yangu mzaa mama aliambiwa maneno hayo hayo sebuleni kwake, mimi nikiwa nimekaa kwa mkeka nachaji simu. Alimjibu yule jamaa, "Mwanangu, kama hakina soko, wewe unakitakia nini?" Jamaa akacheka, akaongeza elfu mbili. Nyanya akamwongezea kahawa. Kabati halikutoka. Lakini nyanya za watu wengine hawana ulimi kama wa yule mama, na mwezi wa kulipa karo ukifika, elfu mbili ni elfu mbili.

Sasa twende kwa sheria, kwa sababu hapo ndipo uongo wa "ni mali ya Bombay" unavuliwa nguo. Kenya tuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Inasema kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, ukiacha vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Soma tena hayo maneno mawili ya katikati: au kuletwa. Sheria haijali fundi alikuwa anaitwa nani, alikuwa anakula chapati ama mkate wa mofa. Kama kabati lilishuka kutoka kwa jahazi mwaka 1880, ni kitu cha kale cha Kenya, na halitoki nchi hii bila kibali. Milango ya nakshi imepewa ulinzi wake hata zaidi: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa.

(Mwaka 1895, kama unauliza, ndio mwaka Mwingereza alitangaza himaya yake hapa. Yaani ukale wetu unahesabiwa kutoka siku mkoloni alipoingia. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, nikianza leo hatutatoka.)

Kwa hivyo muuzaji anayejigamba kwa mtalii kwamba kabati lina miaka 200 anajifunga mwenyewe. Kama ni kweli, kibali kiko wapi? Kama hakuna kibali kwa sababu kabati ni jipya, basi alimwibia mtalii. Hapo katikati hakuna njia ya tatu. Ama umeiba historia ama umeiba pesa, na mimi sitaki kusikia ati "ni biashara tu".

Lakini ili umshike mtu kwa swali hilo, lazima ujue kusoma kabati. Na hapa ndipo naona kizazi changu kinaniangusha. Mtu anapiga picha ya mbele, anaweka kwa apu, apu inamwambia "fanicha ya Kihindi, karne ya 19", anafurahi, anaposti. Buda, apu imeona nakshi. Nakshi ndio kitu rahisi zaidi kuiga duniani. Fundi wa jua kali mwenye mikono mizuri anakutolea waridi la karne ya 18 kwa wiki moja, na hana kosa lolote, ameambiwa achonge amechonga. Uso wa kabati ulitengenezwa ili ukudanganye, hata wakati lilipokuwa jipya. Mgongo haukutengenezewa mtu, kwa hivyo hauna sababu ya kusema uongo.

Anza nyuma basi. Vuta kabati kutoka ukutani, washa tochi ya simu, uiweke pembeni ili mwanga ulale juu ya mbao. Mikwaruzo ya msumeno itaonekana. Msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, mmoja umeinama hivi, mwingine vile, kwa sababu mkono huchoka. Msumeno wa duara wa mashine unaacha vipande vya mviringo, kama kucha iliyopita kwenye siagi, tena vinafuatana kwa nafasi sawa. Msumeno wa duara ulienea karne ya 19. Ukiona alama zake kwenye kabati la "mwaka 1700", funga mdomo wa muuzaji kwa adabu.

Ila kuwa makini, hii kanuni haigeuzwi. Alama za msumeno wa mkono hazithibitishi ukongwe. Pwani yetu na India, watu walipasua magogo kwa mkono, mmoja juu na mwingine chini, hadi ndani kabisa ya karne ya 20. Ushahidi mzuri wa umri karibu wote uko hivyo: unaweza kukwambia kitu si kikongwe kuliko mwaka fulani. Kukwambia kwamba ni kikongwe kweli, hiyo ni kazi ngumu zaidi, na mtu anayekupa mwaka kamili kwa sekunde tano anakuuzia.

Skrubu ndizo nazipenda zaidi. Toa moja, ya bawaba, polepole. Angalia ncha. Kabla ya katikati ya karne ya 19 skrubu za mbao zilikuwa butu, hazina ncha, fundi alilazimika kutoboa tundu kwanza. Zenye ncha kali zilizotengenezwa kwa mashine zilianza kuenea miaka ya 1840 na 1850. Angalia kichwa pia. Mfereji wa skrubu iliyokatwa kwa mkono mara nyingi hauko katikati kabisa, na nyuzi zake hazilingani. Na kama kichwa kina alama ya msalaba, hiyo ni Phillips, ya Marekani ya miaka ya 1930. Nimeona kwa macho yangu kikabati cha "enzi za Sultani" kikiwa kimefungwa kwa misalaba kumi na mbili. Sultani gani huyo?

Msumari nao unaongea. Hii misumari ya mviringo tunayonunua hadiwea kwa kilo ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Ya zamani zaidi ina pembe, ilifuliwa na mhunzi ama ikakatwa kutoka kwa bamba la chuma. Na plaiwudi? Ukivuta droo ukakuta chini yake ni plaiwudi, uko karne ya 20, haijalishi mbele kumechongwa nini.

Mtauliza, je, kama sehemu moja ilitengenezwa upya? Swali zuri, na ndilo muuzaji mjanja atakalojifichia. Kabati lililoishi miaka mia moja nyumba ya pwani, na unyevu ule, na mchwa wale, lazima limeshonwa mahali. Bawaba zimebadilishwa, miguu imekatwa baada ya kuoza. Lakini marekebisho huacha kovu. Bawaba mpya ikiwekwa, kivuli cha ya zamani kinabaki, mashimo ya skrubu za kwanza yanabaki yamezibwa kwa kijiti. Ukiona skrubu mpya katika tundu moja tu, safi, bila kovu lolote pembeni, hiyo ndiyo skrubu ya kwanza na kabati lina umri wake.

Kisha vuta droo zote. Pembe za droo nzuri zimeunganishwa kwa meno yanayoshikana kama vidole vya mikono miwili. Ya mkono hayalingani, utaona hata mstari mwembamba ambao fundi alichora kwa chuma akipima. Ya mashine ni mapacha. Pitisha kidole chini, pale droo inasugua reli yake kila siku. Miaka themanini ya kufungua na kufunga hula mbao, inaacha mfereji laini. Kama reli ina kona kali na droo "imezeeka", basi ilizeeka kwa rangi.

Kuhusu kuzeesha, hakuna siri. Chai ya rangi, kahawa, kiwi ya viatu, moshi, mnyororo wa kupiga piga juu, matundu ya wadudu yaliyotobolewa kwa drili. Matundu ya drili yameenda moja kwa moja. Mdudu wa kweli hana rula, anapinda ndani. Na ukiona njia ya mdudu imefunguka juu ya mbao kama mto kwenye ramani, jua mbao hiyo ilipasuliwa baada ya mdudu kupita. Mbao ni za zamani, kabati ni jipya. Hiyo peke yake si dhambi. Pale pwani mafundi wanatengeneza meza na vitanda vizuri sana kwa mbao za majahazi yaliyostaafu, na wanakwambia wazi: mbao ni za jahazi, kazi ni yangu. Huyo mheshimu, nunua kwake. Mwizi ni yule anayechukua umri wa mbao akaupa kabati.

Haya, umri tumeugusa. Asili je? Hapa ndipo naachana na watu wengi wa upande wangu.

Kila nikiposti kitu cha pwani, kuna mbogi inakuja na sentensi moja: "Hiyo si yetu, ilitoka India." Wanadhani wamefanya ukombozi wa fikra. Kumbe wanarudia maneno ya yule msee aliyekaa kwa nyanya akinywa kahawa. Ni hoja ileile, na inashusha bei ileile.

Tuseme ukweli kwanza. Ndiyo, mengi ya yale makasha makubwa yenye misumari ya shaba ambayo dunia nzima inayaita makasha ya Zanzibar yalitengenezwa India, Surat, Bombay, pwani ya Malabar. Yalikuja na majahazi kwa kaskazi, yakiwa mali ya kuuzwa ama masanduku ya mabaharia wenyewe. Mbao zake mara nyingi ni msaji, na msaji wakati huo haukuota Mombasa. Ukifungua kasha ukapigwa na harufu ya kafuri, fikiria Uchina. Sina shida na hayo. Lakini msaji uliletwa pia kama mbao tu, ukachongwa huku, na fundi wa huku. Na mafundi Wahindi walihamia huku, wakafungua karakana Zanzibar na Mombasa, wakafundisha watoto wetu na wao. Kwa hivyo kabati la msaji lenye nakshi za Gujarati lililochongwa mtaa wa nyuma ya soko la Mombasa na fundi aliyezaliwa hapo hapo, asili yake ni wapi? Usinijibu haraka.

Sasa ongeza pembe za ndovu. Vikabati vingine vidogo kutoka India vimepambwa kwa vipande vyeupe vya pembe. Karne ya 19, ndovu waliuawa ndani bara kwetu, pembe zikabebwa kwa mabega ya watu hadi pwani, zikapakiwa Zanzibar na Mombasa, shehena kubwa zikaenda Bombay. Huko zikakatwa, zikawa bangili, zikawa mapambo ya masanduku, na nyingine zikarudi kwa jahazi kuuzwa. Kabati "la India" linaweza kuwa limebeba ndovu wa Ukambani. (Ukiwa na kitu chenye pembe nyumbani, usikiposti ukitafuta mnunuzi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo.)

Ama nenda Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, utazame kaburi la nguzo. Limepachikwa bakuli za Uchina, za kale, kwenye nguzo. Kuna mtu amewahi kusimama pale akasema hilo ni kaburi la Mchina? Ingia nyumba za mawe za Lamu, uone zidaka, vile vidirisha vya plasta ukutani vilivyojengwa kwa makusudi ili kuonyesha vyombo vilivyovuka bahari. Watu wa pwani walijenga ukuta kwa ajili ya kitu kilichotoka mbali. Kupata kitu cha mbali, kukiweka mahali pake na kukipa kazi, hiyo ndiyo ilikuwa ustaarabu wao. Profesa Prita Meier ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kilitoka 2016, kuhusu miji ya Waswahili na mvuto wa vitu vya kwingine. Hata kiti cha enzi, kile cha mpingo na pembe ambacho kila mtu anakubali ni cha Kiswahili, wasomi wamebishana miaka mingi umbo lake lilianzia wapi.

Na kama mbao hazikutoshi, sikiliza ulimi wako. Meza umeipata kwa Mreno. Sanduku na msumari kwa Mwarabu. Kabati kwa Mwingereza. Kiti pekee ndicho tulizaliwa nacho. Kwa hesabu ya wale wa "si yetu", tungekaa wote kwenye viti katikati ya nyumba tupu.

Ninachotaka ni tuache kutumia neno moja, "asili", kwa maswali matatu. Mbao zilikatwa wapi? Mkono gani ulizichonga? Na nyumba gani iliishi nacho? Swali la kwanza linajibiwa na mbao, la pili na kazi ya fundi. La tatu linajibiwa na nyanya, na hilo ndilo swali ambalo wanunuzi hawataki liulizwe, kwa sababu jibu lake linapandisha bei. Kabati ambalo mtu anaweza kusema lilikuja na mahari ya mama yake, harusi ilifanyika kabla ya vita fulani, lilikaa chumba fulani, droo ya chini ilikuwa ya udi na ya juu ya hati za nyumba, hilo si sawa na kabati lisilo na mdomo. Wanunuzi wanajua. Ndiyo maana baada ya kumwambia nyanya ni takataka ya Bombay, wanamuuliza polepole, "Lakini hiki kilikuwa cha nani?" na wanaandika.

Kwa hivyo andika wewe kwanza. Rekodi kwa simu, nusu saa tu, nyanya akiongea vile anavyoongea, usimkatize. Halafu chungulia karatasi zilizotandikwa ndani ya droo, gazeti, stempu, lebo iliyobandikwa chini. Kibandiko kinachosema "Kenya Colony" hakiwezi kuwa kabla ya 1920, maana koloni lenyewe halikuwepo. Gazeti linaweza kuwa limetandikwa miaka hamsini baada ya kabati kutengenezwa, lakini linakwambia siku hiyo kabati lilikuwa wapi na nani alikuwa akisoma. Chukua hiyo rekodi, nenda Fort Jesus ama makumbusho ya Lamu, simama mbele ya fanicha za pwani zilizoko pale, ulinganishe. Macho hufunzwa kwa kutazama.

Najua jibu linalokuja. "Wewe umeshiba, watu wana njaa, waache wauze mali yao." Sawa, wauze. Sijasema popote nyanya afe njaa akilinda kabati. Mali ni yake, hata ya makumbusho siyo. Ninasema auze akijua anauza nini. Ukimwambia mtu dhahabu yake ni shaba kisha ukainunua kwa bei ya shaba, hujamsaidia kwa njaa yake. Umeitumia njaa yake.

Na kuna wale wa "wewe uliacha kampasi mwaka wa pili, nani alikufanya mtaalamu wa fanicha?" Hakuna. Skrubu haikuniuliza cheti. Niligeuza kabati, nikawasha tochi.

Kama kuna kabati, kasha ama sanduku nyumbani kwenu, wiki hii nitumieni picha: mgongo, chini ya droo, skrubu moja iliyotolewa ikiwa kwa kiganja, na jina la aliyekuwa nalo kwanza kama linajulikana. Tutalisoma pamoja hapa, hadharani, bila bei. Picha za mbele msinitumie.